Siki Ndani ya Mtungi wa Pombe ya Asali: Hukumu Yake Kifiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Wairaqw na Wabarbaig ni watu wa ng'ombe, na kwa Wabarbaig pombe ya asali ina nafasi kubwa katika sherehe za kimila. Muislamu wa huko, hasa aliyesilimu ukubwani, huweza kukuta kwa jamaa zake kibuyu cha maziwa na mtungi wa pombe chini ya paa moja. Vyote viwili huchachuka. Je, pombe ikichachuka kabisa, huwa siki ya halali? Na maziwa mgando yana shaka yoyote?

Ukali wa siki unatokana na asidi ya asetiki, iliyo ndogo kabisa katika zile ziitwazo asidi za mafuta za mnyororo mfupi. Asidi hii haiko ndani ya siki peke yake. Mimea na miili yetu hujenga mafuta kwa kuanzia na kijenzi kitokanacho nayo. Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe, vijidudu huchachusha majani na kuitoa kwa wingi, kisha huingia katika damu, na ikifika kwenye kiwele hutumika kutengeneza mafuta ya maziwa. Msomaji atakumbuka Surat An-Nahl, aya ya 66, inayotaja maziwa safi yatokayo baina ya vilivyomo tumboni na damu. Aya hiyo ni mazingatio, wala hatuigeuzi kuwa kitabu cha kemia.

Basi kuwepo kwa asidi hii hakufanyi kitu kuwa haramu. Maziwa mgando huchachuka hasa kwa asidi nyingine, ya laktiki, na hayakupita katika ulevi. Hayo hayana shaka.

Pombe ina njia yake. Kwanza hamira hugeuza sukari ya asali kuwa kileo. Kisha bakteria wengine, wanaohitaji hewa, hugeuza kileo hicho kuwa asidi ya asetiki. Louis Pasteur wa Ufaransa alilibainisha jambo hili katika miaka ya 1860. Lakini wanazuoni wetu walikwisha kulipangia hukumu karne nyingi kabla.

Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo bora, na alipoulizwa kuhusu kuifanya khamri kuwa siki, alikataza. Hadithi zote mbili zimo katika Sahih Muslim. Kutokana nazo, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba khamri ikigeuka yenyewe huwa tohara, hata ikihamishwa kutoka juani kwenda kivulini au kinyume chake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ama ikigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, haitohariki. Imam Abu Hanifa yeye ameruhusu kuigeuza.

Pombe ya asali imechanganywa na maji, na wapo waliosema kwa sababu hiyo haitohariki. Lakini kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafii ni kuwa hutohariki, kwani bila maji haitengenezeki. Mtungi nao hutohariki pamoja na kilichomo.

Hata hivyo, tuzingatie mambo matatu. Kwanza, uchachu pekee hautoshi: pombe chachu ambayo bado inalevya ni khamri. Pili, pombe ya asali huchachushwa kwa mizizi. Ikiwa mizizi imebaki humo hadi siki ikapatikana, mfuasi wa Shafii na aiache. Tatu, aliyesilimu asiweke pombe nyumbani akingojea igeuke. Na aimwage, kama Abu Talha (R.A.) alivyoamrishwa kumwaga khamri ya mayatima aliokuwa akiwalea. Lau kuihifadhi kungeruhusiwa, mali ya yatima ingestahiki zaidi kuokolewa.

Maimamu wa maeneo hayo wawafafanulie watu haya kwa upole. Anayekataa maziwa ya mama yake kwa sababu ya uchachu amejiharamishia halali na kuuvunja moyo wa mzazi bila sababu. Na anayeonja pombe chachu akiiita siki amejihalalishia haramu kwa kubadilisha jina tu.

Wallahu aalam.