Kompyuta za ‘bure’ zina mita isiyoonekana

MKULIMA wa Pujini anapofikisha karafuu kavu kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), bei huwa imeshatangazwa na mizani iko mbele ya macho yake. Mchumaji naye hulipwa kwa pishi, na pishi hupimwa akiwa amesimama papo hapo. Anayehamishia hesabu hizo kwenye kompyuta za kukodi kupitia intaneti huingia soko la namna nyingine. Huko mzigo hupimwa mbali, kwa saa, na bili hufika mwisho wa mwezi, tena kwa dola.

Kampuni ya Amazon ya Marekani, mmoja wa wauzaji wakubwa wa huduma hiyo, ilianza kutoa kiwango cha bure mwaka 2010. Akaunti zilizofunguliwa kabla ya Julai 15, 2025 zilipewa saa 750 kila mwezi za kompyuta ndogo, kwa miezi 12. Namba ya kadi ya benki ilitakiwa tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo mlango wa bili ulipofunguliwa.

Mwezi wa siku 30 una saa 720, hivyo kompyuta moja haina tatizo. Tuseme kikundi cha wakulima kilifungua akaunti mwaka 2024, kijana wao akawasha kompyuta ya pili kwa majaribio, akaisahau. Saa zinakuwa 1,440, na 690 kati ya hizo ni za kulipia. Kwa bei ya vituo vya Virginia, dola 0.0116 kwa saa, hiyo ni dola 8. Tangu Februari 1, 2024 Amazon hutoza pia dola 0.005 kwa saa kwa anwani ya intaneti ya kompyuta, na ya pili hiyo inaongeza dola 3.45. Jumla ni dola 11.45. Kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola, ni kama shilingi 28,600, yaani zaidi ya kilo mbili za karafuu za daraja la kwanza kwa bei ya shilingi 14,000 iliyokuwa ikilipwa na ZSTC katikati ya miaka ya 2010. Kompyuta yenyewe haikufanya kazi yoyote.

Kuizima hakumalizi deni lote, kwani diski yake huendelea kuhesabiwa inapozidi kiwango cha bure. Miezi 12 ikiisha, hata ile ya kwanza huanza kutozwa.

Wazanzibari wamezoea mita ya TUKUZA: uniti zikiisha, umeme unakatika, na hakuna anayekudai. Hapa mambo ni kinyume. Mteja anaweza kuweka kikomo cha bajeti, lakini kwa kawaida kikomo hicho hutuma barua pepe tu, mashine haisimami. Hatari kubwa zaidi ni funguo za siri za akaunti kuvuja. Wezi huwasha mashine nyingi za kuchimba sarafu za mtandaoni, na bili za namna hiyo zimewahi kufika maelfu ya dola. Wako waliosamehewa baada ya kuandika kueleza, ila huo ni ukarimu wa muuzaji, si haki ya mteja.

Masharti yamelegea kidogo. Kuanzia Julai 15, 2025 mteja mpya wa Amazon huweza kuchagua mpango wa bure wa miezi sita wenye salio la hadi dola 200, ambao hufungwa salio au muda ukiisha. Google nayo imekuwa ikitoa dola 300 kwa siku 90 na haitozi kadi mpaka mteja mwenyewe akubali kupanda daraja.

Baadhi ya watumiaji hujikinga kwa kadi yenye salio dogo. Malipo yakikwama akaunti husimamishwa, lakini deni hubaki kwenye vitabu vya muuzaji kwa jina la aliyejiandikisha.