Bennie Maupin

Bennie Maupin (amezaliwa Detroit, Michigan, 29 Agosti 1940) ni mwanamuziki wa jazz kutoka nchini Marekani. Hupiga saksafoni, filimbi na klarineti ya besi. Anahesabiwa kati ya wanamuziki wa jazz ya kiroho, na katika miaka ya 1970 alijulikana pia kwa jina la Mwile, linalotokana na lugha ya Kiswahili.

Jazz ya kiroho

Mtindo huu ulianza Marekani katika miaka ya 1960. John Coltrane, kwa albamu yake A Love Supreme (1965), alionyesha kwamba jazz inaweza kuwa sala, si burudani tu. Waliomfuata waliongeza ngoma, kengele na sauti kutoka Afrika na Asia.

Kazi

Maupin alipiga na Horace Silver na Lee Morgan. Mwaka 1969 alishiriki kurekodi Bitches Brew ya Miles Davis, ambamo alipiga klarineti ya besi. Mwaka 1970 alijiunga na kundi la mpiga piano Herbie Hancock, lililotoa albamu Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973). Kundi lilipovunjika, ni Maupin peke yake aliyebaki na Hancock katika Head Hunters (1973). Ni mmoja wa watunzi wanne wa wimbo Chameleon.

Jina la Kiswahili

Majina ya kundi hilo yalitolewa na mwanamuziki James Mtume. Hancock aliitwa Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga na Julian Priester Pepo Mtoto. Henderson alikuwa daktari kweli. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba "Mwile" ni "mwili" ulioandikwa tofauti, na kwamba "Pepo Mtoto" lina maana nyingine masikioni mwa watu wa pwani.

Hata hivyo majina hayo hayakuwa mzaha. Mababu wa Wamarekani weusi wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wakapewa majina ya mabwana zao. Wajukuu wao walichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika isiyo mali ya kabila moja. Kujipa jina kulikuwa kurudisha kitu kilichopotea.

The Jewel in the Lotus

Albamu ya kwanza ya Maupin mwenyewe ilitolewa mwaka 1974 na kampuni ya ECM. Jina lake, yaani "kito ndani ya yungiyungi", linatokana na maneno ya sala ya Wabuddha. Hancock, Williams na Hart walishiriki. Muziki wake ni wa taratibu: saksafoni haishindani na vyombo vingine, na kimya kimepewa nafasi yake.

Albamu zilizofuata ni pamoja na Slow Traffic to the Right (1977), Moonscapes (1978) na Penumbra (2006).