Tovuti Haifunguki? Usikimbilie 777

Madrasa zetu, vikundi vya akina mama na wafanyabiashara wengi hapa Pwani sasa wana tovuti. Fundi aliyeitengeneza huenda kashahamia kwengine, na siku ikigoma waliobaki hawajui waanzie wapi.

Anza na namba iliyoandikwa kwenye skrini. 404 maana yake seva imetafuta ukurasa na haikuuona. 403 maana yake seva imekataa kuufungua.

Ukiona 404, tafuta faili zilipo. Kwenye seva za kukodi zenye cPanel, tovuti kuu hukaa ndani ya folda iitwayo public_html. Mara nyingi mtu hupakia faili ya zipu, akiifungua vitu vyote hubaki ndani ya folda nyingine, mfano public_html/madrasa. Vihamishie public_html yenyewe, pamoja na faili iliyofichwa ya .htaccess. Tazama na herufi pia: kwa seva ya Linux, Picha na picha ni vitu viwili.

Ukiona 403, hakikisha kwanza index.html au index.php ipo. Kisha angalia ruhusa. Hizi ni tarakimu tatu: ya mwenye faili, ya kundi lake, na ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Kwa folda, hiyo 1 ni ruhusa ya kuingia. Kwa kawaida folda huwa 755 na faili 644. Faili yenye neno la siri la hifadhidata, kama wp-config.php, ibane zaidi: 600, au 640 tovuti ikikataa.

Wako watakaokwambia, "Weka 777, itafunguka." Usikubali. Hapo umempa kila mtumiaji wa seva ile ruhusa ya kuandika, na seva ya kukodi ina wapangaji wengi. Akaunti ya jirani ikivamiwa, mvamizi aweza kuingia kwako akabadilisha namba ya M-Pesa ya michango, na waumini wakamtumia yeye. Tena seva nyengine hukataa kuendesha faili ya PHP yenye 777, ukaishia kupata kosa la 500.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala. Na neno la siri la akaunti ya seva liwe mikononi mwa kamati, si kwa fundi peke yake.