Kipilefti cha Chini ya Mlima

Ukitoka Voss kuelekea Eidfjord, magharibi mwa Norway, barabara inazama ndani ya mwamba, na humo ndani, mbali kabisa na mwanga wa jua, unakutana na kipilefti. Kipilefti kamili, kimemulikwa taa za buluu kama ukumbi wa harusi. (Wanorwe huendesha kulia, kwa hiyo jina letu hilo kule halifai hata kidogo, lakini sina jingine tamu kuliko hilo.) Hili ni handaki la Vallavik, lenye urefu wa kilomita 7.5. Ukikata upande mmoja unachomoza kwenye daraja la Hardanger, lililofunguliwa mwaka 2013, lenye mita 1,310 kati ya mnara na mnara. Ukikata upande mwingine unakwenda Ulvik, na daraja utalisikia tu.

Tulikuwa ndani ya kempa mpya ya shemeji yangu, fundi mstaafu anayeishi Ujerumani. Simu yangu niliyoibandika kwenye kioo cha mbele ilikwishaganda. Kidoti cha buluu kilibaki karibu na mdomo wa handaki, kama mtoto anayeogopa giza. Lakini mtambo uliojengewa kwenye dashibodi, ule niliomcheka shemeji kwa kuulipia, uliendelea kuhesabu bila wasiwasi: mita 300, mita 200, ingia kipilefti. Shemeji hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akarudisha macho barabarani.

Kempa ni gari la mizigo lililogeuzwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, tangi la maji chini, friji pale ambapo fundi angeweka maboksi yake. Nyingi za Ulaya hujengwa juu ya Fiat Ducato, na urefu unaopendwa sana ni mita 5.99. Mtu anapoagiza mpya hukabidhiwa orodha ndefu ya vitu vya kuongeza kwa bei, na mtambo wa kuelekeza njia ni mmojawapo. Kila mtu ana simu. Wa nini basi huu mwingine? Nilidhani jibu nalijua, hadi pale chini ya mlima.

Watu wengi huamini kwamba setilaiti ndiyo inayotuonyesha njia. Setilaiti haijui njia yoyote. Haijui hata kama upo. Kazi yake ni kutangaza saa, mfululizo, kama muadhini asiyepumzika, na kusema yenyewe iko wapi angani. Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, na tangazo lao hutufikia baada ya milisekunde 67 hivi. Kipokezi ndani ya gari hupima tangazo limechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko kinapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kukuweka mahali pamoja duniani, kama saa ya gari ingekuwa sahihi kama zile za atomu zilizo juu. Haiko hivyo, kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ili kipokezi kijue pia kosa la saa yake chenyewe. Kosa la mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, ni mita 300 barabarani. Hata Einstein yumo: kwa sababu ya kasi ya setilaiti na udhaifu wa mvutano wa dunia kule juu, saa zake hukimbia mikrosekunde 38 kwa siku zikilinganishwa na zetu. Lisiporekebishwa, kosa hilo lingefikia kilomita 11 hivi kila siku.

Haya yote yanasafirishwa na mawimbi dhaifu mno. Yanaondoka angani na nguvu ya balbu ya kawaida ya nyumbani, na yakifika chini ni mnong'ono. Mwamba wa mita chache unatosha kuyameza. Ghorofa ndefu za mjini huyarudisha kama mwangwi, na gari likajiona liko mtaa wa pili. Muuzaji akikutajia kwa fahari kwamba mtambo wake unasikia makundi manne ya setilaiti, yaani GPS, Galileo, GLONASS na BeiDou, msikilize kwa adabu, lakini jua kwamba simu nyingi za leo husikia zote nne. Hapo unauziwa kitu ambacho tayari unacho mfukoni.

Ambacho simu haina ni magurudumu.

Kwenye kila gurudumu la gari la kisasa kuna kihisi kinachohesabu mizunguko, kilichowekwa pale kwa ajili ya breki zisizofunga tairi. Mtambo uliounganishwa na nyaya za gari husoma hesabu hiyo. Ndani yake pia mna jairoskopu, kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotetemeka wakati wote. Gari likigeuka, mtetemo wake huenda upande, na kwa kupima huko kwenda upande mtambo unajua umegeuka nyuzi ngapi. Umbali na mwelekeo: ukiwa navyo viwili hivi, na ukijua ulipoanzia, unaweza kujua ulipo hata ukifumbwa macho.

Mabaharia wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa hili. Usiku wa mawingu, nyota zikijificha, nahodha wa jahazi alibaki na dira, na kasi anayoikadiria kwa kutazama maji, na saa zilizopita tangu alipoiona nchi kavu mara ya mwisho. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Alichohitaji ni mtu aliyebeba hesabu hizo kichwani. Neno rubani tumelipeleka kwenye ndege, lakini lilizaliwa baharini.

Magari nayo yalianza hivyo hivyo, kabla ya setilaiti kuwa za raia. Mwaka 1981 Honda ya Japani iliuza mtambo uliotumia jairoskopu ya gesi ya heliamu. Dereva aliweka karatasi angavu ya ramani juu ya kioo na kutazama alama ya mwanga ikitambaa juu yake. Mwaka 1985 ikaja Etak ya California, ikiwa na ramani ndani ya kaseti, kaseti zile zile za muziki, na vihisi kwenye magurudumu. Ujanja wake ulikuwa kulinganisha: gari haliwezi kuwa katikati ya shamba, kwa hiyo hesabu ikipotoka, mtambo unairudisha kwenye barabara iliyo karibu na yenye umbo linalofanana na mikunjo uliyopita. Jina Etak lilichukuliwa kwa mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, ambao katika fikra zao ngalawa imesimama na visiwa ndivyo vinavyosogea kuipita. Tazama kioo cha mtambo wowote leo: mshale umetulia, ramani inateleza chini yake. Kila dereva sasa ni baharia wa Pasifiki bila kujua.

Hesabu ya magurudumu ina ugonjwa wake, na kwenye kempa ugonjwa huo ni mkubwa kidogo. Tairi zake ni pana na ndefu. Zile za saizi 225/75 R16, zinazopatikana sana kwenye magari haya, zina kipenyo cha milimita 744 hivi. Zikilika milimita 6, kipenyo kinapungua 12, na kila mzunguko unakuwa mfupi kwa asilimia 1.6. Si kitu, utasema. Ingia nayo kwenye handaki la Lærdal, huko huko Norway, lenye kilomita 24.5, na ukitoka upande wa pili hesabu itakuwa imekosea karibu mita 400. Upepo ukipungua kwenye tairi, au ukijaza tangi la maji na gari likalala, hesabu inasogea tena. Ndiyo maana mtambo mzuri haukai bure mbingu ikiwa wazi. Unatumia setilaiti kujisahihisha, ukijifunza kilomita baada ya kilomita gurudumu lako lina mzingo gani wiki hii, ili ukifika gizani uwe na kipimo kipya. Rubani hujifunza chombo chake mchana ili akiamini usiku.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linahusu waya: mtambo huu unasoma magurudumu, au una antena tu? Mitambo ya bei rahisi inayochomekwa baadaye mara nyingi ina antena tu, na hapo umenunua simu isiyopiga simu. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari huweza kuipa simu iliyounganishwa kwa Apple CarPlay mahali gari lilipo, na hivyo simu ikaazima magurudumu. Mwambie muuzaji akuonyeshe, ndani ya handaki ikiwezekana. Maegesho ya chini ya ardhi pia yanafaa, kama kempa yako inapita mlangoni.

Na hilo la kupita mlangoni ndilo jambo la pili. Kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa kwenye mkahawa mjini Amsterdam pamoja na mchumba wake, alifikiria kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, jinsi ya kupata njia fupi kuliko zote kutoka mji hadi mji. Alilichapisha wazo hilo mwaka 1959. Ni kama kumwaga maji kwenye njia panda na kuyaacha yatambae kila upande kwa mwendo ule ule. Yakigusa mji unaokwenda, fuata yalikotoka. Mitambo ya leo ina njia za mkato nyingi za hesabu, lakini msingi ni ule ule: kila kipande cha barabara kina bei yake, na safari nafuu ndiyo inayoshinda. Hesabu hiyo haijali unaendesha nini. Ukiiambia kwamba daraja fulani lina kimo cha mita 2.5 na gari lako lina 2.7, inalifuta daraja hilo na maji yanapita kwingine. Usipoiambia, inakupitisha hapo kwa moyo mkunjufu. Programu za ramani tunazotumia kila siku kwenye simu zilibuniwa kwa gari dogo, pikipiki na mtembea kwa miguu.

Huko Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na kimo cha mita 3.56 ambalo madereva wa malori wamelibatiza kifungua makopo, kwa jinsi linavyochuna mapaa. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi mita 3.76. Bado linachuna. Kempa ya shemeji ingepita hapo ikicheka, lakini Ulaya ina vikwazo vyake vya chini zaidi: vyuma vya mita mbili kwenye maegesho ya fukwe za Ufaransa, vilivyowekwa makusudi ili kempa zisilale pale. Halafu kuna uzito. Hadi tani 3.5, Uswisi inakutaka ununue kibali cha barabara kuu. Ukizidi hapo unaingia kwenye ushuru wa magari mazito, na Austria inakufungia kisanduku cha kuhesabu kilomita. Italia ina maeneo ya katikati ya miji yanayolindwa na kamera, ambapo faini hukufuata hadi nyumbani miezi baadaye. Hata mtungi wa gesi ya kupikia una masharti yake kwenye treni ya magari inayopita chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Mtambo wa kempa wa kweli hukuuliza kimo, upana, urefu na uzito kabla ya safari ya kwanza. Kampuni kama Zenec na Alpine hutengeneza mitambo inayokaa sawasawa kwenye dashibodi ya Ducato na yenye ramani za namna hiyo. Garmin ina ya kubandika kwenye kioo. Mtambo wa kiwandani unaweza kuwa na sura nzuri kuliko yote na bado ukakudhania wewe ni gari la kwenda sokoni. Uliza. Usikubali jibu la "nadhani".

Hata anayeuliza vizuri hana uhakika kamili, kwa sababu ramani haijui ila kile ambacho mtu alikipima. Kwenye OpenStreetMap, ramani ile ile ambayo mradi wa Ramani Huria ulianza kuitumia mwaka 2015 kuichora Dar es Salaam, kuna nafasi ya kuandika kimo cha kila daraja. Ikiachwa tupu, kwa mtambo daraja hilo halina paa. Ramani pia huzeeka haraka kuliko godoro. Gari litaishi miaka 20, lakini masasisho ya bure mara nyingi huisha baada ya miaka michache, na kioo cha kiwandani, kikiwa kimefungamana na kamera ya nyuma na feni, hakitoki kirahisi. Mimi ningechagua kinachoweza kung'olewa na kuwekwa kingine, hata kama kinang'aa kidogo tu.

Jioni ile, ng'ambo ya daraja, shemeji alitoa futi ya chuma na mpini wa ufagio. Karatasi za gari zilisema kimo ni mita 2.65, na ndicho alichokiandika kwenye mtambo. Mimi nilishika ufagio juu ya paa, umelala sawasawa kwa kadiri mkono wangu ulivyoweza, yeye akapima kutoka ardhini. Kiwandani walipima kabla hajaweka paneli ya jua na kifuniko cha dirisha la paa.

"Ngapi, shemeji?"

"Mbili nukta saba nane."

Alirudi ndani, akawasha kioo, akafuta namba ya zamani. Akaandika 2.80.