Geji Moja Haitoshi

Katika visiwa vyetu lori ni mhimili wa maisha. Ndilo libebalo mchanga, mawe, saruji na magunia ya karafuu. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwenye lori akiona gari lake linasuasua mlimani, humwendea fundi na kumwomba aiongezee injini nguvu. Ombi hilo ni la haki. Linalotupa wasiwasi ni jinsi linavyotimizwa.

Malori mengi ya dizeli siku hizi yana turbo, chombo ambacho mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikiombea hataza mwaka 1905. Ndani yake mna feni mbili katika mhimili mmoja. Moshi utokao katika silinda huizungusha ya kwanza. Ya pili huvuta hewa safi na kuishindilia injini. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huongezeka.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Feni ya kwanza imesimama katika njia ya moshi, na ili izunguke, moshi hauna budi kubanana nyuma yake. Hilo ndilo shinikizo la moshi, nalo ndilo bei tunayoilipia hewa.

Fundi mwenye haraka huifungua pampu ya dizeli, akakaza kilango cha kupunguzia moshi, kisha akatazama geji ya hewa. Ikisoma paundi 30 kwa inchi ya mraba, hufurahi, na mwenye gari hufurahi pia. Hakuna aliyeuliza upande wa pili una kiasi gani. Huenda kule nyuma ya feni mna paundi 60. Hapo kila paundi moja ya hewa imenunuliwa kwa paundi mbili za moshi, na biashara hiyo ni ya hasara. Pistoni hutumia nguvu zake kuusukuma moshi utoke, moshi wa moto hubaki silindani na kuinyima hewa safi nafasi, joto hupanda, na valvu za kutolea moshi huweza kusukumwa zikafunguka wakati usio wake. Mwisho wake ni injini iliyokufa, na vipuri vya kungojewa vivuke bahari.

Kupima si kazi kubwa. Hutobolewa tundu dogo katika manifoldi ya ekzosi, kabla ya turbo, likaungwa bomba jembamba la chuma lililosokotwa ili moshi upoe kabla ya kuifikia geji ya pili. Kisha lori lipandishwe mlima likiwa na shehena yake ya halali, na geji zote mbili zisomwe pamoja. Zikikaribiana, turbo inaifaa injini. Shinikizo la moshi likizidi mara moja na nusu ya lile la hewa, yafaa kutahadhari. Likifika mara mbili, kazi isimame. Dawa yake ni kupunguza dizeli, kukilegeza kilango kile, au kufunga turbo yenye njia pana zaidi ya moshi.

Tuongeze neno moja la insafu: yapo malori mapya yanayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, nayo huundwa makusudi ili shinikizo la moshi lizidi la hewa. Hayo yapimwe kwa vipimo vya kiwanda chake.

Tunawaomba wakuu wa gereji za Serikali wawe wa kwanza kutoa mfano: lori la umma lisiongezwe nguvu kabla ya kupimwa pande zote mbili, na vipimo hivyo viandikwe. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana kuuliza swali hilo. Na wewe mwenye lori, fundi akikuonyesha geji ya hewa kwa majivuno, mwombe kwa upole akuonyeshe na ya moshi.