Ndugu wa Damu au wa Kuazimana?

Mganda akisema omuntu na Mzulu akisema umuntu, Mswahili haulizi: huyo ni mtu. Undugu wa Kibantu umejianika juani. Lakini nenda Visiwa vya Solomon, mashariki ya Guinea Mpya, ukutane na Kibilua, Kitouo, Kilavukaleve na Kisavosavo. Lugha nne tu, na wataalamu bado wanabishana kama zimezaliwa na mama mmoja.

Huitwa lugha za Kipapua, jina lisiloeleza mengi. Maana yake ni lugha ya Guinea Mpya na visiwa jirani isiyo ya Kiaustronesia, yaani isiyo ya ukoo wa Kimalagasi na Kimalei. Ziko kama 800, za koo nyingi. Mwaka 1975 Stephen Wurm alizitia hizi nne kapu moja na lugha za Bougainville, New Britain na kisiwa cha Rossel. Kapu lilikuwa kubwa mno, halikudumu.

Mwaka 2005 Malcolm Ross alishika uzi mwembamba zaidi: viwakilishi. Hoja yake tunaielewa wenyewe. Sita, saba na tisa tumeziazima kwa Waarabu, lakini mimi na wewe hatukuazima kwa mtu. Kwa Kilavukaleve “mimi” ni ngai, kwa Kisavosavo ni agni. “Wewe” ni inu na no. Ross akaona ukoo mmoja.

Navutiwa, ila nasita. Viwakilishi ni vifupi, na sauti za puani zimejaa katika viwakilishi vya lugha nyingi duniani. Hata ni- ya ninakuja imo. Silabi moja mbili zaweza kufanana kwa bahati.

Ndiyo maana jaribio la Michael Dunn na Angela Terrill, la mwaka 2012, lina uzito kwangu. Walilinganisha orodha za maneno mara mbili: kwanza jicho kwa jicho, kisha kwa maana zilizopishanishwa makusudi, tuseme jicho kwa maji, wapate kipimo cha bahati tupu. Mwanzoni kufanana kulizidi bahati. Wakaondoa maneno yanayojulikana kuwa yameazimwa kutoka lugha za Kiaustronesia zilizo jirani. Ziada yote ikayeyuka.

Hilo halikanushi undugu. Eneo hili limekaliwa zaidi ya miaka 25,000, na ulinganishi wa lugha huishiwa nguvu ukikaribia miaka 10,000. Mama huyo huenda alikuwapo, ila nyayo zake zimefutika. Orodha ya Glottolog huziandika zote nne kuwa lugha pweke, nami naziacha hapo hapo. Nitabadili mawazo siku mtu atakapoonyesha sauti ya Kibilua ikigeuka kwa kanuni ile ile katika Kitouo, neno baada ya neno, kama nt ya Mganda inavyokuwa t kwetu: omuntu na mtu, ekintu na kitu, obuntu na utu.