Rangi za Maji: Cha Kuchora Kipo Hapa Hapa Sidab



Swali ninaloulizwa zaidi katika darasa la kuchora ni hili: "Mwalimu, nichore nini?" Nikisema chora ua, mkono wa kwanza unakwenda kwenye simu kutafuta picha. Linalotoka huko ni ua la Uholanzi au la Japani, zuri kweli, lakini mchoraji hajawahi kulinusa. Wengine wananiambia Sidab hakuna maua, kuna mawe na maboti tu. Leo nataka tulizungumze hilo, kwa sababu kwa rangi za maji Sidab ni pahala pazuri kuliko watu wanavyodhani. Na nyumbani kwenu huenda yumo mtu anayejua maua ambayo simu haiyajui.

Anza na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imezipa rangi nyingi majina ya vitu vinavyoonekana. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia imetoka kwenye kahawa, zambarau ni tunda, chungwa unalijua, manjano ni ile bizari ya mama jikoni, na samawati ni mbingu. Kwa hiyo mtu anayejua majina ya rangi kwa Kiswahili tayari anajua wapi pa kutazama. Chukua kipande cha karatasi, pita jikoni na uani, utafute kitu kimoja kwa kila jina. Usichore kitu bado. Changanya rangi mpaka ifanane nacho, weka tone lake, andika jina pembeni. Utagundua jivu la mkaa lina ubuluu ndani yake, na kahawa iliyokolea si kahawia hata kidogo, ni karibu na nyeusi.

Sasa toka nje uitazame milima. Wageni husema ni milima mikavu, haina rangi. Mawe haya ya Muscat yametoka chini sana ya ardhi, chini ya sakafu ya bahari ya zamani, yakasukumwa juu mpaka yakawa milima. Jiwe likivunjika, ndani lina weusi wenye kijani. Nje ni kahawia kwa sababu madini ya chuma yaliyomo yamepata hewa na maji, yakashika kutu. Na rangi ya kahawia katika kisanduku chako cha rangi, mara nyingi nayo imetengenezwa kwa kutu ya chuma. Ukiuchora mlima wa nyuma ya Sidab kwa kahawia hiyo unatumia ndugu yake mwenyewe. Lakini asubuhi mapema mlima huo huo ni wa zambarau, na jua likipanda unafifia. Ichore asubuhi na jioni katika karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ulinganishe.

Hapa wazazi huniuliza habari ya vifaa. Kisanduku cha rangi kumi na mbili kinatosha, brashi mbili, kopo la maji na kitambaa kikuukuu. Pesa ziwekeni kwenye karatasi. Tafuteni iliyoandikwa gramu 300, kwa sababu nyembamba hujikunja kama papa mkavu ikipata maji. Kinachoshikilia rangi hizi ni gundi ya mti wa mgunga, ambayo kwa wingi hutoka Sudan. Gundi hiyo huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana rangi iliyokauka kisandukuni huamka ukiigusa kwa brashi iliyolowa. Hata rangi iliyokaukia kwenye karatasi unaweza kuilowesha na kuipunguza kwa kitambaa. Si lazima kuchana karatasi kila ukikosea.

Jambo la kwanza gumu ni weupe. Katika rangi za maji nyeupe yako ni karatasi. Ukishaifunika, kuirudisha ni taabu. Na Sidab imejaa weupe: kuta za nyumba, boti lililopakwa upya, kanzu kwenye kamba, asumini kwenye kopo la maziwa. Usichore ukuta mweupe. Chora kivuli chake, chora mlima ulio nyuma yake na mlango wake wa buluu, na ukuta utatokea wenyewe. Kivuli nacho usikipake nyeusi. Kitazame vizuri, saa nne asubuhi kivuli juu ya chokaa ni samawati yenye zambarau kidogo. Asumini ni hivyo hivyo: chora majani ya nyuma, uache ua likiwa karatasi tupu, kisha uweke kijivu chepesi pale petali moja inapoilalia nyingine.

Jambo la pili ni bogonvilia, ile inayomwagika juu ya kuta. Watoto wote huichora kama ua la petali tatu nyekundu. Lichume moja ulifungue. Vile vitatu vyekundu au vya zambarau si petali, ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijirija cheupe cha katikati. Ukilijua hilo utachora mishipa, kama ya jani, na picha yako haitafanana na ya mtu aliyekariri.

Mimi nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja, nachagua jani la mkungu. Mti huu waliokulia Zanzibar wanaujua vizuri, walipasua mbegu zake kwa jiwe, na hapa Muscat umepandwa sehemu nyingi. Kabla ya kuanguka, jani lake hupita manjano, chungwa na wekundu wa damu, mara nyingi yote katika jani moja na kijani kikiwa bado kimebaki kwenye mshipa. Ni kama liliumbwa kwa rangi za maji. Lowesha karatasi kwa maji matupu kwa umbo la jani, gusa manjano ncha moja, wekundu ncha nyingine, kisha ondoa mkono. Acha zikutane zenyewe. Watu wazima hushindwa hapo, wanataka kusaidia.

Lakini fanya haraka, maana hewa ya hapa haisubiri. Kiangazi joto linapita digrii 40, na ukikaa uani saa tano rangi imekauka kabla hujarudisha brashi kwenye kopo. Toka baada ya sala ya alfajiri, au ngoja miezi ya Novemba hadi Machi. Kofia na maji ya kunywa si hiari.

Na neno la muuguzi: ule mti wa maua ya waridi na meupe unaoota mabondeni na kupandwa kando ya barabara, Waarabu wanauita difla. Chora, usichume. Majani, maua na utomvu wake vyote vina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Vile vile ule mmea wa jangwani wenye majani mapana ya kijivu unaotoa maziwa ukivunjwa. Maziwa hayo yakiingia jichoni ni balaa. Msiyatie katika kopo la brashi, na watoto wadogo wanawe mikono.

Joy Adamson wengi wanamjua kwa simba wake Elsa. Kabla ya simba, mama huyo aliyefika Kenya katika miaka ya 1930 alichora mimea na maua ya huko, mamia ya picha, na mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza ikampa medali kwa kazi hiyo. Alikuwa na mmea wenyewe mbele yake, ndiyo tofauti. Edward Saidi Tingatinga naye, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, hakusubiri vifaa vya wasanii. Alipaka rangi za baiskeli juu ya vibao.

Nimesema nyumbani yumo mtu. Bibi, au babu, waliokuja Oman kutoka Unguja, Pemba au Mombasa. Muulize kilua kina umbo gani, mlangilangi unaning'iniaje, vikuba vilifungwa vipi. Yeye aseme, wewe uchore, akusahihishe. Kanga zake ziko sandukuni. Mtandikie moja akuoneshe maua ya pindoni. Maneno haya yanapotea katika nyumba zetu kimya kimya, na mengine yamebaki kwa mtu mmoja tu.

Ukikaa naye, angalia jambo moja. Mpe rangi mbili za buluu, iliyokolea na iliyofifia, umuulize ipi ni ipi. Mtoto wa jicho hugeuza kioo cha jicho kuwa cha manjano, na buluu ndiyo hupotea mwanzo. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, yule wa mayungiyungi, aliugua hivyo. Picha zake zikawa nyekundu na kahawia mpaka alipopasuliwa jicho mwaka 1923. Wazee wetu hawasemi. Wanadhani ni uzee, wanaacha kushona, wanaacha kusoma, wanakaa pembeni. Kama bibi anakwambia bahari ya leo ni ya kijivu na wewe unaiona ya samawati, usibishane naye. Mwambie mama au baba ampeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Jumamosi ijayo kila mtoto alete jani moja la mkungu lililoanguka, si la kuchuma, na picha moja ya ua alilosimuliwa nyumbani. Nyuma ya karatasi andika jina la ua kwa Kiswahili, nani amekusimulia, na lilikuwa likiota wapi. Brashi zipo darasani. Karatasi njooni nazo.